Neno Lililobaki Mdomoni



Mzee mmoja wa kijiji chetu, Mkristu wa siku nyingi na mwenye wajukuu wengi, alikataa kuchaguliwa tena katika baraza la parokia. Jioni moja nilikwenda kwake kumwomba asituache. Alinipa kiti, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, nimekaa barazani miaka mitatu. Tulitoa maneno yetu, Padri akayasikia, kisha akafanya aliyoyaona yeye. Sina nguvu ya kukata shauri hata la kununua jembe moja. Basi nikae huko kwa kazi gani? Kuitikia Amina naweza kuitikia kanisani.»

Siku ile sikupata jibu, nikarudi nyumbani. Lakini neno lake lilinifuata njiani, maana si neno la upuuzi. Wakristu wengi hulisema, ijapokuwa si wote wenye ushujaa wa kulisema mbele ya mwalimu wa dini. Nalo laleta swali ambalo yafaa tulichunguze vizuri: Je, shauri lisilo na nguvu ya kuamuru ni shauri kweli? Na mtu akiulizwa neno ambalo si lazima lifuatwe, je, ana wajibu mbele ya Mungu wa kulisema?

Nitaeleza kwanza baraza letu ni kitu gani na lafanya kazi gani. Kisha nitaungama kosa langu mwenyewe, kwa sababu jibu la swali hili sikulipata katika vitabu peke yake.

BARAZA NI KITU GANI?

Huku kwetu, kando ya ziwa Tanganyika, parokia ni kubwa na vijiji vyake ni vingi. Barabara ni mbaya, na wakati wa masika mito hujaa. Padri hawezi kulala katika kila kijiji, wala hawezi kujua kila nyumba iliyokosa chumvi. Mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Wamisionari walipopokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na baadaye imani ilipoenea katika vijiji vya pwani na vya milimani, Padri alikuwa mtu wa kupita. Waliokaa walikuwa mwalimu wa dini na wazee wa Kikristu. Hao ndio waliojua nani mgonjwa, nani amefiwa, ndoa gani inayumba, na mtoto gani amefikia umri wa kufundishwa.

Basi baraza si kitu kilicholetwa jana. Jambo jipya ni kwamba Kanisa limelipa jina na mahali pake. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu, walichagua njia ya jumuiya hai za Kikristu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulipofundisha juu ya utume wa walei, mwaka 1965, ulitaka mabaraza yaundwe katika majimbo, na kadiri iwezekanavyo katika parokia pia. Mwaka 1975, kule Kinshasa, Kardinali Malula aliwakabidhi walei kadhaa uongozi wa parokia, wakaitwa bakambi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ikaweka mambo wazi. Kanuni ya 536 yasema juu ya baraza la uchungaji: huundwa Askofu akiona yafaa, na Paroko ndiye msimamizi wake. Kanuni ya 537 yasema juu ya baraza la mali, nalo ni lazima liwepo katika kila parokia. Na mwaka 2024 sinodi ya Maaskofu iliyokutana Roma iliomba mabaraza kama hayo yawe ya lazima mahali pote, yasiachwe kwa mapenzi ya mtu mmoja.

Katika kijiji chetu mambo huanza chini. Nyumba chache hufanya shirika moja, nalo hukutana kila juma kusoma Neno la Mungu na kuuliza habari za jirani. Kila shirika lina kiongozi wake. Viongozi wa mashirika, pamoja na mwalimu wa dini, mtunza fedha, mwandishi, mama mmoja wa kuwaangalia wagonjwa na kijana mmoja wa kusema kwa ajili ya vijana, hao ndio baraza la kijiji. Baraza la kijiji hutuma watu wawili katika baraza la parokia. Hivyo neno la nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na mto, laweza kupanda hatua kwa hatua mpaka masikioni mwa Padri, bila mwenye nyumba kutembea siku nzima.

Na kazi ya baraza ni nini? Ni kupanga mafundisho ya wakatekumeni na kuona ni nani wanaostahili ubatizo. Ni kuwapatanisha mume na mke kabla ya ugomvi kufika kwa kapita. Ni kuwaita watu salongo ili wafyeke njia ya kanisa na kutengeneza kisima. Ni kukusanya matoleo na zaka, na kusoma hesabu mbele ya watu wote. Ni kumchukua mgonjwa kwa machela mpaka dispensari. Ni kumpokea mgeni. Kazi hizo hazichagui dini: daraja lililotengenezwa na Wakristu hupitiwa na kila mtu, na mgonjwa haulizwi cheti cha ubatizo kabla ya kuinuliwa.

SAUTI ISIYO NA FIMBO

Lakini mzee wetu alisema kweli: baraza la uchungaji halikati shauri. Kanuni ile ya 536 yaeleza kwamba sauti yake ni ya kushauri tu. Paroko husikia, kisha huamua. Yeye ndiye atakayeulizwa na Askofu, na siku moja na Mungu mwenyewe, juu ya roho alizokabidhiwa. Barazani hatugawanyiki vyama viwili ili walio wengi wawashinde walio wachache.

Je, kwa sababu hiyo sauti yetu ni bure? Tumtazame Yethro. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma kwamba alimwona Musa ameketi toka asubuhi mpaka jioni akiamua maneno ya watu wote peke yake. Yethro alikuwa baba mkwe tu, tena mtu wa Midiani. Katika Israeli hakuwa na cheo hata kimoja, na hakuna aliyelazimika kumtii. Alisema tu: kazi hii itakuchosha wewe na watu wako, chagua watu waaminifu wakusaidie, ikiwa Mungu naye apenda. Kisha akarudi kwao. Hakuamuru kitu, lakini taifa zima likapata utaratibu mpya, kwa sababu mtu mmoja alisema kweli na mwingine akasikia.

Au tutazame jambo lililo karibu zaidi, dhamiri yetu. Dhamiri haina askari wala gereza. Haiwezi kuufunga mkono wangu ninapoiba, wala kuufunga mdomo wangu ninaposema uongo. Yashauri tu. Nani atathubutu kusema kwamba dhamiri ni kitu bure kwa sababu haina fimbo? Kinyume chake, twajua kwamba mtu aliyeizima dhamiri yake amepotea, hata akiwa mwenye akili nyingi.

Baraza katika parokia ni mfano wa dhamiri hiyo. Halimfungi Padri mikono, bali lamwonyesha. Na hapa ndipo jambo lilipo, ndugu msomaji. Mtu mwenye nguvu ya kuamuru, akikosa kusema kweli, bado anabaki na nguvu yake. Lakini asiye na kitu kingine ila neno lake, akilificha neno hilo, amebaki na nini? Mshauri anyamazaye ni kama taa isiyowashwa: ipo mezani, watu wanaikalia, na nyumba ina giza.

KOSA LANGU

Sasa niungame.

Nilikuwa mwandishi wa baraza la kijiji. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Paa la kanisa letu lilikuwa limechakaa, na kila mvua ya kwanza ilitupata tukisongamana upande mmoja wa altare. Wakristu walikuwa wametoa walichoweza: huyu faranga, yule kikapu cha mihogo mikavu ya kuuza, mwingine samaki. Fedha zilikuwa kwa mtunza fedha, na pamoja nazo sehemu iliyowekwa kwa ajili ya maskini.

Miezi miwili kabla ya hapo, mama mmoja mjane alikuwa amefika kijijini pamoja na watoto wanne. Walitoka milimani, wakikimbia vita. Aliwabeba wawili, na wawili walitembea. Tuliwapa chumba kimoja cha shule, maana watoto wa shule walikuwa katika mapumziko. Mimi nilipita kwao mara nyingi usiku nikitoka kufundisha. Nilijua kwamba walikula mara moja kwa siku. Nilijua kwamba mama huyo hakuwa na shamba wala jembe, na kwamba mtoto wake mdogo alikohoa. Nilijua pia kwamba karibu shule itafunguliwa na chumba kitatakiwa.

Padri alikuja, tukakutana naye chini ya mwembe. Akaeleza habari ya mabati: bei yake, mashua ya kuyaleta, siku ya kuanza kazi. Akasema kwamba fedha zote zilizopo zitahitajika, pamoja na zile za maskini, nazo zitarudishwa baadaye. Akasema tena kwamba vyumba vya shule visafishwe. Wazee walifurahi sana juu ya paa. Kisha Padri akatutazama mmoja mmoja, akauliza: «Je, kuna mwenye neno jingine?»

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa fupi: «Padri, kuna watu watano katika chumba cha shule, na hawana mahali pa kwenda.» Sikulisema. Kwa nini? Jua lilikuwa likishuka, na watu walitaka kurudi nyumbani. Sikupenda kuharibu furaha ya wazee. Tena, na hili ndilo lililonifunga hasa, mtoto wangu wa kwanza alikuwa akiombewa nafasi katika shule ya misioni, na barua yake ilingoja sahihi ya Padri. Niliogopa kuonekana mtu wa kupinga. Basi nikainama juu ya daftari, nikaandika: «Wote wamekubali. Hakuna neno jingine.» Daftari lile lipo mpaka leo, na mwandiko ni wangu.

Tulipoondoka, nikafuatana na wenzangu wawili njiani. Hapo ulimi wangu ukafunguka. Nikasema: «Padri wetu apenda mabati kuliko watu.» Tulicheka. Nilijiona mtu mwenye huruma na mwenye akili kuliko wengine.

Siku ya tano mama yule hakuonekana. Chumba kilikuwa kimefagiwa, na chungu tulichomwazima kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa mlangoni. Bibi kizee jirani yake alitueleza mambo yalivyokuwa. Mama alikuwa ameuliza: «Wakubwa wamesema nini juu yetu?» Mtu mmoja akamjibu: «Wamesema mabati kwanza, watu baadaye.» Lilikuwa neno langu, lile la mzaha. Halikusemwa barazani mahali lilipotakiwa, lakini kupitia njiani lilimfikia yule ambaye halikumfaa. Akawachukua watoto usiku, akarudi upande wa milimani alikotoka. Tuliwatuma vijana wamtafute siku mbili. Mpaka leo hatujapata habari yake.

Padri alipojua, aliniita peke yangu. «Mwalimu, ulijua hali yao?»

«Nilijua, Padri.»

«Nilipouliza kama kuna neno jingine, ulidhani ninauliza kwa mchezo?»

Sikuwa na jibu. Naye akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema neno ambalo sitalisahau: «Mimi pia nina kosa. Mabati nilikuwa nimekwisha kuyaagiza kabla ya kuwaita ninyi. Labda mliliona jambo hilo usoni mwangu.»

KOSA NI LA NANI?

Mtu ataniuliza: Kama ungesema, je, Padri angebadili shauri? Sijui. Pengine angesema paa haliwezi kungoja, kwa kuwa mvua iko karibu. Lakini nimeona jambo moja. Kazi ya shauri si kushinda. Kazi ya shauri ni kuondoa giza. Kama ningesema na Padri akakataa, angekataa akiona, na mzigo ungekuwa wake. Kama angekubali, familia ile labda ingekuwa bado kwetu. Niliponyamaza, nilimwacha aamue kama kipofu, nami ndiye niliyemfunga macho. Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba mwenye busara lazima awe na moyo wa kufundishika, kwa sababu mambo ya kutenda ni mengi na ya namna nyingi, na mtu mmoja hawezi kuyaona yote. Basi anayeficha aliyoyaona humnyang'anya mwenzake sehemu ya busara yake.

Twaungama kwamba twakosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na kwa kutotimiza wajibu. Hilo la mwisho twalitamka upesi, labda kwa kuwa ni vigumu kulihesabu. Mwizi ajua alichoiba, lakini aliyenyamaza hana kitu mkononi cha kumshtaki. Mimi najua sasa kwamba kunyamaza kwaweza kuwa na uzito wa watu watano.

Na Padri je? Yeye mwenyewe amesema. Kuwaita watu kuwauliza jambo ambalo limekwisha kukatwa si kuomba shauri. Ni kuomba makofi. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Kartago katika Afrika yetu, aliyekufa shahidi mwaka 258, aliwaandikia mapadri wake kwamba tangu mwanzo wa uaskofu wake aliazimia asifanye jambo kwa rai yake peke yake, bila shauri lao na bila kukubaliana na watu. Yeye hakupungukiwa na mamlaka, bali alijua kwamba mchungaji asiyewauliza wanaokaa na kondoo hawezi kujua ni wangapi wamepotea.

KUSEMA KULIVYO NA UTARATIBU

Wengine watasema: Kwetu mdogo hasemi mbele ya wakubwa, na mwanamke hasemi mbele ya wanaume, hiyo ndiyo heshima. Nami naipenda heshima. Lakini tuwakumbuke babu zetu vizuri. Katika baraza lao mkubwa hakusema kwanza. Aliwaacha wengine waseme, naye akafunga maneno. Kama mkubwa akisema kwanza, ni nani atakayesema baada yake? Na Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki karne ya 6, aagiza katika sura ya 3 kwamba kukiwa na jambo kubwa abati awaite ndugu wote, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lile lililo bora. Abati ndiye huamua, lakini baada ya kumsikia hata yule aliyeingia jana.

Tena tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Katika Kanisa la Yerusalemu waumini waliosema Kigiriki walinung'unika kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika kugawa chakula. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Waliwaita wafuasi wote, jambo likasemwa wazi, wakachaguliwa watu saba. Angalieni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Maana yake nini? Yaonekana kazi ya meza ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule ule uliosahauliwa. Manung'uniko yaliyobaki njiani yangeweza kuligawanya Kanisa. Yalipoletwa barazani yalizaa mashemasi.

Basi, naona wajibu wa kila mmoja ni huu.

Mjumbe wa baraza azunguke katika nyumba za shirika lake kabla ya mkutano, maana asiyejua habari hana shauri la kutoa. Aseme barazani, mbele ya yule anayehusika, kwa unyenyekevu na bila kuzunguka. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 212, yasema kwamba waamini wana haki, na hata mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji mawazo yao juu ya mambo yaletayo mema ya Kanisa, wakishika heshima. Asiseme kwa ajili ya ukoo wake, maana kuna mjumbe anyamazaye maskini wote wakiwa na njaa, lakini asema sana kisima kikichimbwa mbali na nyumba ya kaka yake. Na siri ya nyumba ya mtu isigeuzwe kuwa habari ya baraza: njaa ya jirani yasemwa, aibu ya jirani yafunikwa.

Shauri likikatwa, naye alikuwa ameona vingine, asaidie kazi. Asiende kulikata upya njiani. Neno la barazani lina anayelijibu. Neno la njiani halina anayelijibu, lina wanaocheka tu.

Padri aulize kabla ya kuamua. Akiamua vingine kuliko alivyoshauriwa, aeleze sababu. Sheria haimlazimishi kueleza, lakini upendo wamlazimisha, maana mtu aliyeelezwa sababu huja tena, na asiyeelezwa hukaa nyumbani kama mzee wetu. Na hesabu ya matoleo isomwe kwa sauti: kanuni ya 1287 yawataka watunzaji wa mali kuwapa waamini hesabu ya yale waliyoyatoa.

Nao wakaaji wa kijiji, wasingoje kuja kuulizwa tu. Baraza halina macho ila yale wanayoliazima.

Sisi tumeongeza desturi moja ndogo. Kabla ya jambo lolote, baada ya sala, msimamizi huuliza: «Nani hayupo hapa?» Hatuulizi juu ya mjumbe aliyechelewa. Twauliza juu ya yule ambaye shauri la leo litamgusa, naye hana kiti barazani: mgonjwa, mgeni, mjane, kijana aliyefukuzwa shule. Kila mmoja hutaja anayemjua, nami huandika majina hayo juu ya ukurasa, kabla ya kuandika habari za mabati.

NILIVYORUDI KWA MZEE

Baada ya siku nyingi nilirudi kwa mzee yule. Sikumletea kanuni wala Yethro. Nilimweleza tu habari ya daftari, na neno nililoliandika, na neno nililolisema njiani. Yeye alikuwapo siku ile chini ya mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho, akitazama chini.

Kisha akasema: «Mwalimu, mimi pia nilijua. Mke wangu alimpelekea mama yule unga mara mbili, akaniambia hali yao. Nilipoulizwa, nilifikiri: haya ni mambo ya wanawake, si ya baraza.» Akanyamaza. «Nilikuambia kwamba tulitoa maneno Padri asiyafuate. Siku ile hatukumpa neno la kufuata.»

Nikamwuliza kama naweza kuliandika jina lake tena. Akatikisa kichwa. «Usiandike jina langu. Andika la mke wangu. Yeye aliona, mimi nilisikia tu.»

Mama huyo sasa ni mjumbe katika baraza letu. Hasemi mengi. Lakini likiulizwa lile swali la kwanza, «Nani hayupo hapa?», yeye ndiye wa kwanza kujibu, na mara nyingine Padri huiweka kalamu chini ili amsikie vizuri.

Wasomaji wapenzi, mwaka 1903 Baba Mtakatifu Leo XIII aliongeza katika Litania ya Bikira Maria jina la Mama wa Shauri Jema. Pale Kana Mama huyo hakuamuru kitu. Aliona divai imepungua, akalisema jambo hilo kwa yule aliyeweza kusaidia, wala hakulisema nyuma ya mlango kwa wageni. Atuombee sisi tuliopewa viti barazani, ili neno la maskini lisibaki midomoni mwetu. Na wale watano waliorudi milimani, Mungu awatunze popote walipo. Majina yao ndiyo ninayoyaandika ya kwanza kila mkutano.